Nina saa 48 na sijui zinaendaga wapi

Shikamoo Anti,

Naomba nisaidie maana nimebakiza wiki sita niingie shindano la kuandika na tayari tumbo linaniuma. Mimi naandika hadithi fupi, nimeandika miaka minne sasa, sio mbaya sana kusema kweli, watu wakisoma wanacheka pale ninapotaka wacheke. Shida yangu ni haya mashindano ya muda. Mwaka jana niliingia moja ambalo wanakupa saa 48, unapewa aina ya hadithi, mahali, na kitu ambacho lazima kionekane humo ndani, na hadithi isizidi maneno 1,000. Nikajua nitaweza tu, maneno elfu moja ni nini jamani.

Basi Ijumaa saa sita usiku nikafungua ujumbe nikakuta nimepewa VICHEKESHO, CHUMBA CHA KUSUBIRIA, MWAVULI. Nikasema nilale kwanza nitaamka na wazo. Niliamka na njaa tu. Sasa mimi nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na hadithi yangu kichwani ya mapacha waliotenganishwa utotoni, nilishaitunga yote mpaka majina, mpango ulikuwa chochote watakachonipa nawatumbukiza mapacha humo. Jumamosi nzima nimehangaika kuwaingiza kwenye hicho chumba, mara pacha mmoja ni mlinzi, mara ni mgonjwa, mara mwavuli ndio alama ya kutambuana, na haichekeshi hata kidogo yaani inaliza. Saa tatu usiku nikawatupa nikaanza upya na mzee mmoja anaitwa Bwana Salehe. Nikakumbuka ushauri niliousoma kila mahali kwamba andika tu, usihariri, usirudi nyuma, nikaandika mpaka saa nane usiku. Kuangalia, maneno 2,340!

Jumapili yote nikawa nakata. Nakata neno hapa neno pale, mpaka kilichobaki kikawa mifupa. Nimetuma zimebaki dakika nne, mikono inatetemeka. Maoni ya majaji yakaja: mwanzo mrefu, mwisho umekimbizwa, mwavuli umetajwa mara moja tu. Na wana haki.

Nakuwekea mwanzo wenyewe uuone: "Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi ambapo mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu sana na watu ambao walikuwa ndani ya chumba cha kusubiria walikuwa wamekaa kimya kila mtu akiwa na mawazo yake. Bwana Salehe alikuwa ameshika mwavuli wake mweusi ambao alikuwa amepewa na baba yake mzazi kabla hajafariki dunia."

Sasa kuna jingine linakuja, masharti yale yale. Je niwe naandika kila siku ili niongeze spidi? Nitunge hadithi nyingi za akiba, labda kumi, ili moja iingie? Au nikubali tu kwamba mimi sio mtu wa haraka haraka nibaki na mambo yangu ya polepole?

Wako,
Niliyetuma Mifupa

Marahaba mwanangu, na pole na hilo tumbo.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikapiga hesabu ambayo wewe hukuipiga. Ulianza kuandika saa tatu usiku ukaacha saa nane, masaa matano, ukatoa maneno 2,340. Hiyo ni maneno 468 kwa saa, usiku, umechoka, na una hasira na mapacha. Halafu unaniuliza jinsi ya kuongeza spidi? Spidi unayo ya kumgawia na jirani. Kwa mwendo huo hadithi ya maneno 1,000 inakuchukua masaa mawili na dakika kidogo. Kumbe saa 48 zako zimeenda wapi, tuzitafute. Kutoka Ijumaa saa sita usiku mpaka Jumamosi saa tatu usiku ni saa 21, na hizo zote (ukitoa usingizi) ulikuwa huandiki, ulikuwa unasita. Halafu Jumapili nzima ukawa unalipa deni la maneno 1,340 ambayo hayakutakiwa kuwepo. Kwahiyo umeshindwa kuamua mwanzoni, na umeshindwa kukadiria ukubwa wa chungu kabla hujaweka mchele. Hayo mawili yanafanyiwa mazoezi na wiki sita zinatosha kabisa.

Kwanza huo ushauri wa andika tu usirudi nyuma, niuseme maana umewatesa wengi. Si ushauri mbaya, ila ulikuwa wa safari nyingine. Umeenea sana kupitia lile shindano la Novemba la NaNoWriMo, lililoanza mwaka 1999 na watu 21 tu huko Marekani, ambapo ulitakiwa kuandika maneno 50,000 ndani ya siku 30, yaani maneno 1,667 kila siku. Mwaka 2025 shirika lenyewe lilitangaza kufunga lakini mawaidha yake bado yanazunguka mtandaoni kama hirizi. Sasa kwenye maneno 50,000, ukirudi nyuma kurekebisha ukurasa wa kwanza umekwisha, hutafika, kwahiyo wanakwambia funga macho kimbia. Lakini wewe una maneno elfu moja! Ukikimbia umefunga macho kwenye chumba cha kusubiria unagonga ukuta. Kwenye elfu moja lazima ujue mwisho kabla hujaandika sentensi ya kwanza, tena mwisho wenyewe uuandike kwanza ikibidi, hata kama ni sentensi moja mbovu.

Sasa kuamua. Chukua karatasi ukate vipande vidogo, andika aina za hadithi kwenye kundi moja (mapenzi, kutisha, upelelezi, vichekesho, na hasa zile unazozikimbia), mahali kwenye kundi la pili, vitu vya kawaida kwenye la tatu. Mara tatu kwa wiki chomoa kimoja kimoja, weka alamu ya dakika 20, andika mawazo kumi ya hadithi, kila wazo mstari mmoja tu: nani anataka nini, nini kinamzuia, na hicho kitu kinafanya kazi gani. Alamu ikilia chagua moja, halafu funga daftari. Usiandike hadithi yenyewe, najua utatamani ila usiandike. Zoezi ni kuchagua tu, kama mpiga penalti anavyorudia penalti hachezi dakika tisini.

Kwanini kumi? Kwa sababu tatu za kwanza ni za kila mtu. Nikufanyie na ya kwako hiyo hiyo. Chumba cha kusubiria, mwavuli, vichekesho. La kwanza litakuja: mtu kasahau mwavuli. La pili: watu wawili wamebadilishana miavuli inayofanana. La tatu: mwavuli unagoma kufunguka. Sasa fikiria majaji wana lundo la hadithi zenye mwavuli, unadhani hizo tatu wamezikuta mara ngapi? Endelea. La nne, mtu amekatazwa kuingia na mwavuli wenye maji ila hataki kuuacha nje maana ameuazima kwa bosi wake. La tano, mwanamke anashika zamu ya watu wengine kwa kuweka mwavuli kwenye kiti, na mwavuli ukaitwa jina ukaingia kwa daktari. Ahaa. Hapo mimi nimeanza kucheka mwenyewe. La tano halikuja kwa sababu nina kipaji, limekuja kwa sababu yale ya juu yameshatoka njiani.

Ukishafanya hivyo mara kumi na tano utaona kitu kimoja cha ajabu, hofu ya ule ujumbe wa saa sita usiku inapungua, kwa sababu mwili umeshazoea kwamba dakika 20 zikiisha lazima kuna mstari kwenye karatasi. Siku ya shindano jipe masaa mawili, usiamshe mtu, usiulize mtu, andika kumi zako, chagua, andika mwisho, ndipo ulale. Usingizi ni mzuri sana ukiwa umeshaamua, ukilala hujaamua unaamka na njaa kama ulivyosema.

Hadithi za akiba HAPANA. Hilo la mapacha ndilo lililokula Jumamosi yako. Hadithi iliyokamilika kichwani ni kama kabati, haipiti kila mlango, na majaji wananusa haraka sana mtu aliyebandika kitu na mahali juu ya hadithi iliyokuwepo. Na masharti mengine yanataka kabisa hadithi iwe imeandikwa ndani ya muda wa shindano, kwahiyo soma vizuri usije ukajiponza. Akiba yako iwe ya malighafi. Kuwa na daftari la vitu unavyovijua kwa mikono: kazi uliyowahi kuifanya na maneno yake, ugomvi uliousikia ukutani, namna mtu fulani anavyokohoa akitaka kudanganya. Hivyo vinaingia kwenye hadithi yoyote.

Nikupe mfano mmoja mkubwa halafu tuendelee. Dostoyevsky, yule mwandishi wa Urusi, mwaka 1866 alikuwa amesaini mkataba wa ovyo na mchapishaji wake: asipoleta riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba, mchapishaji anapata haki ya kuchapa kazi zake bila kumlipa kwa miaka tisa. Oktoba inaanza hana kitu mkononi. Akaajiri binti wa miaka 20 anayejua hati mkato, Anna, akawa anamsomea na binti anaandika, na ndani ya siku 26 riwaya ikaisha. Aliandika kuhusu nini? Kuhusu mcheza kamari. Na yeye mwenyewe kamari ilikuwa imemtafuna miaka, alijua mpaka jasho la kiganja pale mezani. Hakuwa na hadithi iliyokamilika kwenye kabati, alikuwa na maumivu yanayojulikana. (Mwaka uliofuata walioana yeye na Anna, ila hiyo sio sehemu ya ushauri wangu.)

Haya, ukubwa wa chungu. Maneno 1,000 yanabeba tukio moja. Moja, mwanangu. Mahali pamoja, watu wawili, wa tatu awe na sababu ya kuwepo, na jambo moja linalogeuka. Ukijikuta unaandika "miezi miwili baadaye" ujue umeshatoka nje ya chungu. Na ukigundua katikati kwamba umezidi, usianze kunyofoa vivumishi kama ulivyofanya, maneno 1,340 hayatoki kwa kunyofoa, yanatoka kwa kuondoa mtu mzima. Nani kwenye ile hadithi ya Bwana Salehe hakuwa na kazi? Nina hakika yupo. Huyo ndiye anaondoka na mazungumzo yake na kiti chake.

Baada ya hapo ndio tunakuja kwenye maneno, na hapa nikae kidogo maana Kiswahili kimetupa zawadi ambayo wengi hawaitumii. Hesabu ya maneno inaangalia nafasi kati ya neno na neno, basi. "Nisingekuambia" ni neno moja! Ndani yake kuna mimi, kuna wewe, kuna kukanusha, kuna sharti ambalo halikutimia. Sasa kwanini unatapanya? Tuangalie mwanzo wako. Nimeuhesabu, maneno 48. "Watu ambao walikuwa" kumbe ni "waliokuwa". "Ndani ya chumba" ni "chumbani". "Baba yake mzazi kabla hajafariki dunia", baba gani asiye mzazi hapo, na ukisema amerithi tumeshajua kwamba alikufa. Nikaandika hivi: "Jumatatu asubuhi mvua ilinyesha kwa nguvu. Waliokuwa chumbani walikaa kimya, kila mtu na lake. Bwana Salehe alishika mwavuli mweusi aliorithi kwa babake." Maneno 22. Habari ile ile, nimekurudishia maneno 26 mfukoni, na hatujatoka aya ya kwanza.

Ipo mifano mingine. Hiyo -ka- ya "akasimama, akafungua, akatoka" tayari inasema kimoja kimefuata kingine, kwahiyo "kisha" na "halafu" kabla yake mara nyingi ni abiria wasiolipa. "Ili aweze kupita" ni "apite". "Na mimi" ni "nami". Lakini usiwe mchoyo mpaka ukaharibu, "alikuwa amelala" na "alilala" sio kitu kimoja, na mhusika wako akisema "rafikiye" kwenye mazungumzo ya kawaida ataonekana anakariri utenzi. Soma kwa sauti, sikio litakuambia. Na usinifanyie ule ujanja wa kuandika "kwasababu" limeungana ili upunguze neno, majaji wanaona. (Ndio, mimi humu naandika "kwahiyo" ninavyotaka, ila mimi sijaingia shindano.)

Ila sasa nikuambie ukweli, hata hayo maneno 22 ningeyatupa. Yamekuwa mafupi ila bado hayachekeshi, na uliombwa vichekesho. Mvua ya nini? Urithi wa nini? Angalia hii: "Bwana Salehe alifungua mwavuli ndani ya chumba cha kusubiria, na watu kumi na wawili wakajifanya hawajaona." Maneno 16. Mahali papo, kitu kipo na kinafanya kazi, na mimi msomaji nataka kujua huyu mzee kafungua mwavuli ndani kwa nini na nani atakuwa wa kwanza kumuuliza. Hapo hadithi imeanza yenyewe inakuvuta mkono. Usiniambie kwanini aliufungua, hiyo kazi yako.

Katika wiki sita fanya mazoezi kamili mara mbili tu, labda wiki ya tatu na ya tano, saa 48 za kweli, na kulala ulale, na mwishoni utume kwa mtu mmoja atakayekuambia ukweli. Zaidi ya mara mbili utachoka na siku yenyewe utakuwa huna hamu. Kila zoezi andika pembeni umetumia masaa mangapi kuamua, kuandika, kukata. Nadhani utakuta kukata kunataka muda zaidi ya kuandika, mimi kwangu ni mara mbili kabisa, kwahiyo rasimu yangu ya kwanza lazima iwe imeisha Jumamosi mchana hata kama ni mbaya.

Na zile aina unazoziogopa, zisome. Hadithi tatu nne fupi za kila aina zinatosha ujue msomaji wake anategemea kupewa nini. Wewe inaonekana uliogopa vichekesho wakati unaniambia watu wanacheka ukitaka wacheke, hapo sijakuelewa vizuri.

Mambo madogo madogo: waambie wa nyumbani mapema kwamba wikiendi hiyo haupo ingawa upo. Faili lihifadhi sehemu mbili. Angalia mwisho wa kutuma ni saa za wapi, maana 11:59 usiku ya kwao inaweza kuwa asubuhi ya kwenu, na ukiigeuza kwa saa ya Kiswahili kichwani usiku wa manane utajichanganya, kuna mtu namfahamu vizuri sana (ni mimi) alisoma 11:59 akaweka alamu ya karibu saa kumi na mbili. Iandike kwenye karatasi kwa saa zenu, ubandike ukutani. Halafu tuma masaa mawili kabla. Dostoyevsky siku ya mwisho alikuta mchapishaji hayupo mjini, ikabidi apeleke muswada kituo cha polisi akapewa risiti kwamba amewasilisha ndani ya muda. Wewe huna kituo cha polisi cha kupeleka, intaneti ikikata zimebaki dakika nne imekata.

Anza na vile vipande vya karatasi leo. Ukimaliza zoezi la kwanza nitumie mistari yote kumi, hata ile ya aibu, nataka kuona la saba na la nane yamekuwaje. Mapacha waandikie hadithi yao ndefu shindano likiisha, wamekusubiri muda mrefu na hawana kosa.

Anti